Rimu Namba Kumi na Sita

Tairi la mbele kushoto lilipasuka saa tatu asubuhi, kwenye kona ya kwanza baada ya Kigombe. Shadya alikuwa anarudi mjini kutoka Ushongo, alikokwenda alfajiri kumtibu ng'ombe aliyejaa gesi tumboni. Ng'ombe alipona. Gari ndilo lililougua.

Shimo lenyewe halikuwa kubwa. Malori yalikuwa yamemega ukingo wa lami kiasi cha sahani ya wali, basi. Lakini mlio ulikuwa kama wa bati linalopigwa nyundo, na usukani ukamvuta kushoto kwa nguvu hata akajua kabla hajasimama kwamba si pancha tu. Akashuka, akachuchumaa. Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, na rimu imepata ufa wa urefu wa kidole. Ilikuwa rimu ya tatu mwaka huo.

"La haula," alisema, akaenda kutoa jeki.

Shadya alikuwa na miaka thelathini na minne, daktari wa mifugo wa kujitegemea. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kuanzia Pangani mpaka Muheza, walimjua kwa mambo mawili: mkono mwepesi kwenye sindano na mguu mzito kwenye mafuta. Hakuwa mwendawazimu wa barabarani. Penye watu, penye shule na penye mbuzi alikwenda kama amebeba mayai. Lakini penye kona safi inayoonekana mpaka mwisho wake, alipenda kuiingia kwa mwendo, gari likilala kidogo, akilisikia linavyoshika lami chini ya kiti chake. Ndiyo sababu alinunua Runx yenye gia za mkono na injini kali, wenzake walipokuwa wakitafuta magari ya kukaa juu.

Na ndiyo sababu alikuwa na huzuni ya siri. Gari alilonunua miaka miwili iliyopita lilikuwa jepesi na lenye furaha. Halafu kaka yake Zubeiri, mwenye duka kubwa la rimu pale mjini, akamfanyia zawadi. Alilichukua gari siku moja akalirudisha limevaa rimu za inchi kumi na nane, nyeusi, zenye ukingo wa rangi ya fedha. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mama yao, Bi Sabiha, alipiga vigelegele. Shadya akashukuru, akamkumbatia kaka yake, na tangu siku hiyo hakuwahi kumwambia mtu kwamba gari lile silo tena alilolinunua. Liliruka kwenye kila kovu la lami. Liliufuata mfereji wa magurudumu ya malori kama punda aliyeona majani. Lilichelewa kuondoka na lilichelewa kusimama.

Alifunga tairi la akiba, jembamba kama la pikipiki, akaendesha polepole hadi mjini. Alipofika njia panda ya kwenda dukani kwa kaka yake, hakukata. Alinyoosha hadi Usagara, kwa Loveness.

Loveness alikuwa fundi wa tairi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtoto wa wakata mkonge wa mashamba ya Muheza. Kibanda chake kilikuwa na kompresa, mashine ya kubalansi magurudumu, na kibao kilichoandikwa kwa mkono: TAIRI NI MAISHA. Kwa miaka sita alikuwa fundi mkuu katika duka la Zubeiri. Waliachana vibaya. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kununua rimu za inchi kumi na tisa kwa ajili ya kigari chake kidogo, na Loveness akamwambia mbele ya Zubeiri kuwa zitakwangua fenda na kumvunja mgongo. Mwalimu akaondoka bila kununua. Zubeiri akamfukuza Loveness pale pale, mbele ya wateja wengine, kwa neno moja: mharibifu wa biashara.

"Daktari," alisema Loveness akijifuta mikono, "kaka yako anajua kuwa uko hapa?"

"Hajui. Nimekuja kuuliza, Da Loveness. Sijaja kutengeneza. Nataka kujua gari langu lina nini."

Loveness aliitoa rimu iliyopasuka kwenye buti, akailaza chini.

"Soma hapa ubavuni."

"Mia mbili ishirini na tano, thelathini na tano, kumi na nane."

"Namba ya kwanza ni upana wa tairi, kwa milimita. Ya mwisho ni rimu, kwa inchi. Hii ya katikati ndiyo watu hawaiulizi. Ni kimo cha ubavu: asilimia thelathini na tano ya huo upana. Weka vidole."

Shadya aliweka. Vidole vinne vilijaa kutoka ukingo wa rimu hadi kwenye kashata, yale matofali ya mpira yanayokanyaga lami.

"Hicho ndicho kilichobaki kati ya rimu yako na shimo la Kigombe," alisema Loveness. "Vidole vinne vya upepo. Sasa njoo huku."

Walibeba gurudumu moja zima la inchi kumi na nane hadi kwa jirani, Hatibu, mnunuzi wa vyuma chakavu, wakalipandisha kwenye mizani yake. Kilo ishirini na mbili na nusu. Loveness akarudi kibandani, akaleta gurudumu jingine, la inchi kumi na sita, la gari la mteja. Kilo kumi na sita na nusu.

"Tofauti kilo sita," alisema Shadya. "Mara nne, ishirini na nne."

"Karibu nusu mfuko wa saruji. Na mfuko huo ungekuwa umelala kwenye buti, ungesema: haya, si kitu. Huu unazunguka. Kila ukiondoka injini inauzungusha, kila ukifunga breki inabidi uuzuie, na kila ukipita kwenye tuta springi zinahangaika kuurudisha chini. Gari lako si bovu, Daktari. Limevalishwa viatu vya zege."

Shadya alikaa kwenye tairi kuukuu, akacheka, na kicheko kilikuwa karibu sana na kilio. Karibu miaka miwili alikuwa akidhani ni yeye aliyesahau kuendesha.

*

Ijumaa, baada ya swala, walikula chakula cha mchana nyumbani kwa Bi Sabiha kama kawaida yao. Zubeiri alipofika aliona gari la mdogo wake uani, likiwa na magurudumu matatu meusi na kile kijitairi chembamba. Akaingia ndani hata viatu hajavua vizuri.

"Shikamoo, Mama. Shadya, rimu iko wapi?"

"Marahaba, baba. Kaa ule kwanza," alisema Bi Sabiha.

"Imepasuka, Kaka," alisema Shadya. "Na sitaki nyingine. Nataka kuzitoa zote."

Zubeiri alikuwa mtu wa miaka arobaini na mbili, mkarimu, mwenye sauti kubwa, asiyeweza kupita kwa ombaomba bila kusimama. Lakini rimu zilikuwa heshima yake. Alianza kwa kuziuza nne nne juu ya turubai, hadi akawa na duka la vioo.

"Utaweka nini?"

"Kumi na sita."

"Kumi na sita!" Aligeuka kwa mama yake kana kwamba ameambiwa mtoto anaacha shule. "Watu wanapanda, huyu anashuka. Nani kakwambia?"

"Loveness."

Jina hilo liliishusha sauti yake. "Yule aliniharibia biashara mbele ya mteja. Na wewe, damu yangu, unakwenda kwake?"

"Alisema kweli, Kaka. Na gari langu linaonyesha kuwa alisema kweli."

"Gari lako linaonyesha kuwa hutazami mashimo." Alichukua kipande cha samaki, akakirudisha. "Haya. Siku ya Kona ni mwezi ujao. Njoo na hizo kumi na sita zako tuone."

Siku ya Kona ilikuwa sherehe ya klabu ya madereva wa mjini. Mara moja kwa mwaka mwenye shamba la mkonge la Kwemtindi, upande wa Muheza, aliwafungia geti barabara yake ya kiwandani: kilomita nne za lami, kona kumi na saba, hakuna nyumba wala mpita njia. Kila gari lilikwenda peke yake, likishindana na saa. Sharti lilikuwa liwe gari la mtaani kweli, lenye namba na bima, linalompeleka mwenyewe kazini. Zubeiri alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo kwa Altezza yake nyeupe yenye rimu za kumi na tisa, na picha ya vikombe vyake vitatu ilining'inia ukutani dukani.

"Nitakuja," alisema Shadya.

"Ukishindwa na mimi, unazirudisha kumi na nane na hunitajii tena habari hizi."

"Na nikikushinda?"

Zubeiri alicheka. "Sema unalotaka."

"Utamwomba Loveness msamaha. Mbele za watu, kama ulivyomfukuza mbele za watu."

Kicheko kilikatika. Ilikuwa Bi Sabiha aliyesema, huku akimwongezea mwanawe wali: "Umemwambia aseme, kasema. Mwanamume halirambi neno lake mezani pangu."

*

Kusema kumi na sita kulikuwa rahisi. Kuzipata zinazofaa kulichukua wiki mbili.

Seti ya kwanza ilitoka kwa Miraji, anayeuza vipuri vya magari yaliyobomolewa. Zilikuwa rimu za Subaru, nyepesi, za rangi ya dhahabu, zenye matundu matano yaliyokaa sawasawa na nati za Runx. Shadya alizipenda mara moja. Loveness alifunga moja mbele, akaizungusha kwa mkono, na sauti ikatoka ndani: kwaruu, kwaruu.

"Inakula shokapu," alisema. "Matundu yamekubali, lakini uso unaofunga kwenye gari umekaa mbali mno kuelekea nje, kwa hiyo gurudumu zima linaingia ndani. Umeona?"

"Si tuweke kipande cha chuma katikati, kiisogeze nje?"

"Wapo wanaoweka. Mimi sikuwekei. Kwenye kona nataka gurudumu lako lishikwe na gari, lisishikwe na kipande."

Miraji alirudishiwa rimu zake, na Shadya akarudi kwenye kazi yake akiwa na kile kijitairi na hasira.

Seti ya pili ilipatikana kwenye banda la ng'ombe. Mzee mmoja wa Kibondei aitwaye Ayubu, mfugaji wa nje kidogo ya Muheza, alimwita kumzalisha mtamba aliyekwama. Kazi ilichukua saa tatu, na ndama alitoka hai, jike, mwenye nyota kwenye paji la uso. Shadya alipokuwa akinawa mikono hadi kiwikoni aliona gari aina ya Caldina, limekaa juu ya matofali nyuma ya banda, na kuku wawili wamelala ndani ya rimu zilizolazwa chini. Alisogea. Matundu matano. Alisugua kinyesi cha kuku kwa kidole gumba mpaka akaiona namba: kumi na sita.

"Mzee Ayubu, hizi unazifanyia nini?"

"Si unaona? Kuku wanataga." Mzee akamtazama, kisha akamtazama ndama aliyekuwa akijaribu kusimama. "Unazitaka? Chukua, mwanangu. Kuku nitawatafutia vikapu."

Loveness aliziosha, akazipima moja moja. Moja ilikuwa imepinda kidogo, akaipeleka kunyooshwa. Alipofunga ya kwanza na kuizungusha, haikutoa sauti yoyote. Alipitisha vidole viwili kati yake na shokapu, akageuza usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, akamwambia Shadya akae juu ya fenda alemee kwa uzito wake wote. Hakuna kilichogusana. Wanawake wawili wakatazamana juu ya boneti, wakapigana viganja.

Kisha likaja suala la tairi, na hapo wakabishana.

"Nataka mia mbili kumi na tano," alisema Shadya. "Pana ndiyo inashika, au sivyo?"

"Pana juu ya rimu pana. Rimu hii ina inchi sita na nusu. Ukiivalisha tairi pana mno, ubavu unavimba kama mguu uliobanwa na kiatu, na ukiingia kona unalala upande. Weka mia mbili na tano, hamsini. Itasimama wima. Tena hesabu kimo chake chote: milimita mia sita kumi na moja. Tairi la kiwandani la gari hili ni mia sita kumi na tano. Gia zako na mshale wako wa mwendo havitajua kuwa kuna kilichobadilika."

Shadya alitoa simu, akapiga hesabu yeye mwenyewe, mara mbili. Ilikuwa kweli. "Mbona tusirudi tu kwenye kumi na tano zake za zamani?"

"Kwa kazi, zinatosha. Lakini ubavu wake mrefu; unapokata kona gari linajibu baada ya kuulizwa mara mbili. Wewe unataka lijibu mara moja, na bado libakize nyama ya mpira ya kuangukia shimoni. Kwa gari hili, hiyo ni kumi na sita."

Kwenye duka la tairi waliletewa tairi zinazong'aa kwa mafuta. Loveness aliinama akasoma tarakimu nne zilizofungiwa kwenye duara dogo ubavuni. "Wiki ya thelathini, mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. Rudisha. Mpira umekwisha kuwa mbao." Walipata nne za aina moja, zilizotengenezwa miezi mitano nyuma, laini, kashata zake zikikubali ukucha.

Siku aliyoondoka kibandani na magurudumu mapya, Shadya alikata kona ya kwanza ya kuelekea barabara kuu, kona ya kawaida tu, na mkono wake ukajua kabla ya kichwa. Gari lilijibu. Alipita juu ya kiraka cha lami na hakukisikia mgongoni. Alikwenda mpaka Mabokweni bila kazi yoyote, akageuza, akarudi, akiimba peke yake.

*

Siku ya Kona ilikucha na jua kali. Magari kumi na moja yalipangwa kwenye uwanja wa kiwanda, katikati ya mistari ya mkonge iliyokwenda mpaka macho yanapokoma. Polisi wawili walikaa getini, gari la wagonjwa likasimama kwenye kivuli cha ghala, na watu kama mia tatu wakajipanga nyuma ya kamba, mbali na kona. Bi Sabiha alikuja na kiti chake na mwavuli.

Altezza ya Zubeiri iliwaka kama kioo. Vijana waliizunguka, wakipiga picha rimu. Runx ya Shadya, na rimu zake za kijivu zilizowahi kutagiwa na kuku, haikupigwa picha na mtu. Loveness alipiga magoti kwenye kila gurudumu, akachora mistari ya chaki kutoka kwenye kashata hadi kwenye ubavu.

"Hirizi hiyo?" aliuliza mtu, na watu wakacheka.

Loveness alipima upepo: thelathini na mbili mbele, thelathini na tano nyuma.

Kila dereva alikuwa na mizunguko miwili, na ule bora ndio unaohesabiwa. Zubeiri alianza kwa dakika mbili, sekunde arobaini na nne na pointi mbili, na watu wakapiga kelele, maana hakuna aliyemsogelea. Zamu ya Shadya ilipofika, moyo ulimdunda kama mara ya kwanza alipomfanyia ng'ombe upasuaji. Bendera ikashuka. Akaondoka kwa pupa, akachelewa kufunga breki kwenye kona ya nne, mbele kukateleza, akagusa mfuko wa mchanga kwa bampa. Alipomaliza, saa ilisema arobaini na saba na pointi moja.

Alishuka akalitazama bampa. "Nimeliharibu," alisema.

"Ngoja nisome," alisema Loveness. Alikuwa amekwisha kuchuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto. Chaki ilikuwa imefutika, tena imefutika chini mno, mpaka kwenye ubavu. "Tairi linalala. Umeona? Mpaka hapa. Upepo wa mbele ni mdogo kwa mwendo huu." Akaongeza wa mbele hadi thelathini na nne, wa nyuma akauacha. Kisha akasimama, akamshika Shadya bega. "Na wewe unaliendesha kama bado limevaa zile kumi na nane. Unalipigania. Acha. Funga breki mapema kidogo, uliza mara moja, lisubiri likujibu, kisha kanyaga."

Kwa mzunguko wa pili mshindi wa mwaka uliopita huwa wa mwisho, kwa hiyo Shadya alitangulia na kaka yake akafuata. Alifunga mkanda, akafuta viganja kwenye suruali, akasema Bismillahi.

Bendera.

Safari hii hakuwa na haraka mikononi. Kona ya kwanza ilikuja, akafunga breki, akauliza, gari likajibu. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne mfuko wa mchanga ulipita mkono mmoja kutoka kwenye bampa na alikuwa amekwisha kukanyaga mafuta. Injini ilipanda hadi kule juu inakokuwa na sauti nyingine, ya chuma na ya furaha, na gari likaruka mbele bila nusu mfuko wa saruji miguuni. Mkonge ulikuwa ukuta wa kijani pande zote mbili. Alifika Kona ya Bwawa, ambako matrekta yalikuwa yamekunja lami kama mkeka, kona ambayo kila dereva alikuwa akiiogopa. Hakupunguza zaidi ya kawaida. Magurudumu yalipanda na kushuka juu ya mikunjo, ta-ta-ta-ta, lakini hakuna hata moja lililoiacha barabara. Usukani ulibaki hai mkononi mwake, ukimweleza kila kitu: hapa pana mchanga, hapa pameshika, hapa nenda.

Alivuka mstari na kabla hajasimama alisikia kelele. Alidhani ni ajali. Akafungua dirisha.

"Arobaini na mbili na pointi tisa!" msimamizi alikuwa akipiga ukelele kwenye kipaza sauti. "Dakika mbili, arobaini na mbili, pointi tisa!"

Loveness alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. Bi Sabiha alikuwa amesimama juu ya kiti.

Ilibaki Altezza. Shadya alimwona kaka yake akivaa glavu taratibu, na kwa kweli akamwombea, maana alimpenda. Zubeiri aliondoka kwa moshi na mngurumo. Alikuwa dereva mzuri, tena mwenye injini yenye nguvu zaidi, na kwenye mnyooko wa kwanza watu walisema anaipata. Lakini kwenye Kona ya Bwawa rimu za kumi na tisa zilianza kuruka juu ya mikunjo. Kutoka uwanjani waliliona gari jeupe likidundadunda na kusogea nje, nje, mpaka ikambidi aachie mafuta. Akalirudisha kwa ustadi mkubwa. Akavuka.

"Arobaini na tatu... pointi sita!"

Shadya hakukumbuka vizuri kilichofuata. Alikumbuka kubebwa. Alikumbuka mwavuli wa mama yake ukielea juu ya vichwa vya watu, na Loveness akimlowesha bega kwa machozi huku akirudia, "Zimeshika, Daktari! Umeona zilivyoshika?" Alikumbuka kikombe, kizito kuliko alivyodhani.

Zubeiri alikaa ndani ya Altezza yake kwa muda. Watu walimtazama kwa kando. Kisha akashuka, akapita katikati yao moja kwa moja hadi alipo Loveness, akamwomba msimamizi kipaza sauti.

"Mnanijua," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa na mkwaruzo. "Miaka mitatu iliyopita nilimfukuza fundi huyu kazi mbele za watu, kwa sababu alimwambia mteja ukweli. Nikamwita mharibifu. Leo amenishinda kwa kazi ya mikono yake. Loveness, ulisema kweli siku ile, na mimi nilijua unasema kweli. Nilikukosea. Nisamehe."

Loveness alisogea mbele, akajipangusa vumbi la magoti. "Nimekusamehe, Bosi Zubeiri."

"Rudi kazini. Utakuwa meneja."

"Hapana," alisema Loveness, na watu wakacheka, na yeye akacheka. "Kibanda changu kinanitosha. Ila kama unataka, kila mteja wako kabla hajanunua rimu aje kwangu nimpimie gari lake. Nikisema inafaa, muuzie. Nikisema haifai, usimuuzie."

Zubeiri alifikiri, mkono kidevuni, kama mfanyabiashara alivyo. Kisha akamnyooshea mkono. "Tumekubaliana."

Baadaye, magari mengine yalipokuwa yakipakia na kamba zikikunjwa, alimwendea mdogo wake aliyekuwa akinywa maji ya madafu kwenye boneti.

"Nipe ufunguo," alisema.

"Wa nini?"

"Geti bado limefungwa. Nataka kujua."

Shadya alimrushia. Zubeiri aliingia, akarudisha kiti nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu, akafunga mkanda. Bi Sabiha, bila kuulizwa, akafungua mlango wa upande wa pili akaketi na mwavuli wake magotini.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Umesema geti bado limefungwa. Nenda."

Waliondoka polepole, kisha si polepole. Shadya na Loveness walisimama wakilifuata kwa masikio: gia ya pili, ya tatu, kimya kifupi cha breki, kisha injini ikipanda tena. Walilipoteza nyuma ya mkonge, wakalipata tena upande wa bwawa, na halikuruka. Likarudi likakata kona ya mwisho kwa utulivu kabisa, likasimama mbele yao. Zubeiri hakushuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na alikuwa akicheka, kicheko cha utotoni ambacho Shadya hakuwa amekisikia kwa miaka mingi, na mama yao kando yake akipiga dashibodi kwa kiganja.

"Tena," alisema Bi Sabiha. "Twende tena."